Radhi ya Salimu na Mbio za Lami

Ras Mkumbi, Mafia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi kifua, na lile goti linalokusumbua? Sisi wazima, ila usingizi mimi nausikia kwa majirani tu. Mtoto mdogo anaota meno, dada yake Zuhura hashikiki, na baba yao kutwa yuko juu ya mnara wa taa anafuta vioo. Nikirudi kutoka shamba la kijiji, maji bado hayajatekwa.

Barua yako nimeibusu, maana umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimekukubali, Mama! Na kwa kuwa sasa huhitaji mtu wa kukusomea, nitasema yangu yote.

Unauliza kama mdogo wangu Salimu aende Ulaya kwenye mbio za pikipiki za lami. Unasema radhi yako hutoi mpaka mimi niseme, kwa sababu "wewe ndiye unayezijua pikipiki." Mama, hapo niliketi kizingitini.

Nazijua. Nilizijua kabla yake. Ile ya marehemu Baba, aliyopelekea barua za shamba la mkonge, kati yetu nani aliiendesha kwanza? Salimu alikaa nyuma kanikumbatia kiuno, analia, "Dada, polepole!" Mimi ndiye niliyemfundisha kwenye ule mchanga: ukifika kwenye kona toa mguu, uburute, pikipiki ikilala usiogope. Kisha nikavunja ungo. Ukanitia ndani, ukanifunda, na nilipotoka pikipiki ilikuwa ya Salimu. Hakuna aliyeniuliza.

Basi akaenda mbio za matopeni Arusha, akashinda. Akaenda Nairobi kuruka vilima na makorongo, akashinda. Kila kombe, picha inakuja Mafia. Mume wangu anazibandika ukutani na kuwaambia wavuvi waliopiga kambi hapa, "Shemeji yangu huyo!" Mimi nazipa mgongo, nakuna nazi.

Na hii ya juzi ndiyo imenichoma. Salimu ameniandikia kwamba hao wanaotaka kumpeleka Ulaya walipomjaribu kwenye lami, alitoa mguu kwenye kona kama alivyozoea, soli ya buti ikalika yote, moshi ukatoka. Mzungu anayemfundisha akauliza, "Nani kakufunza upuuzi huu?"

Akajibu, "Nilijifunza mwenyewe."

Mwenyewe, Mama!

Nikachukua karatasi nikakuandikia: asiende, lami itamuua. Ungeniamini. Karatasi hiyo nimewashia moto wa uji.

Ukweli ni huu. Lami haina huruma kama mchanga, akianguka ataumia. Lakini siku ile ile aliurudisha mguu, akailaza pikipiki mpaka goti likagusa chini, wala hakuanguka. Mtu anayeacha mazoea ya miaka kwa siku moja ana akili ya kazi hiyo. Mimi nisingeweza. Au ningeweza, sitajua. Mpe radhi, Mama. Msomee maji anawe uso kabla ya safari, na usimlilie mbele yake. Wivu wangu niachie, nitautwanga pamoja na mpunga.

Ila nina neno na wewe. Juzi Zuhura alipanda baiskeli ya baba yake, miguu haifiki, akaingia nayo kwenye minazi, akainuka anacheka. Nilitaka kumkataza, mdomo ukagoma. Siku yake ikifika, njoo umfunde wewe, bibi yake, sitaki mwingine. Tutapika, tutaimba. Lakini akitoka ndani, ataikuta baiskeli inamngoja yeye. Hilo sijadili na mtu, hata na wewe.

Nisalimie shangazi mpika vitumbua, na jirani yetu anayekushika mkono kwenda kisomoni. Salimu nitamwandikia mwenyewe. Mtoto analia, naishia hapa.

Mwanao akupendaye, hata akiwa amenuna,
Mwanaidi