Kigari cha Kayaki ya Watu Wawili

Mpendwa Mshauri,

Kwanza naomba usinicheke, maana najua wengine wanakuandikia habari za ndoa na watoto na mimi nakuandikia habari za kigari, lakini naomba msaada wako kwa sababu nimeuliza kila mahali na kila mtu ananijibu lake. Nina kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki ambao mtu anaketi ndani yake na kupiga kasia lenye bapa huku na huku, na nataka kigari cha kuipeleka kutoka nyumbani hadi ziwani, kile cha magurudumu mawili kinachofungwa kwa mikanda chini ya tumbo lake halafu unashika ncha unakokota. Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia hospitalini, wenzangu wananiita Mama Mashuka, nina miaka hamsini na moja na mgongo wangu umeshanipa onyo.

Shida ni njia yenyewe. Kayaki inalala kwenye korido yangu, ukitoka nayo kuna saruji, halafu geti jembamba, halafu lami kama mita mia mbili, halafu changarawe nyuma ya shule, halafu mteremko wa nyasi, halafu mchanga laini mpaka kwenye maji. Kigari cha kwanza kilikuwa na vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu, kwenye saruji kilikwenda kama kitanda cha wodini, lakini kwenye changarawe kila kijiwe kilikuwa breki, nikafika nusu ya njia nikageuza. Cha pili fundi baiskeli alinitengenezea kwa magurudumu membamba ya baiskeli kuukuu, lami na changarawe kilipita vizuri mno hata nikaanza kuimba, kufika mchangani kikazama mpaka kwenye ekseli, nikabaki nimesimama na kayaki ya kilo thelathini na tano huku watu wanaopunga upepo wananitazama. Baba mmoja aliyekuwa na wanawe akanifuata, akasema, "Mama, nikushikie upande huu?" nikamjibu, "Hapana, asante, namsubiri mwenzangu." Sikuwa namsubiri mtu. Nikakaa pale saa nzima nikijifanya naangalia barabarani, kisha nikaikokota kurudi nayo nyumbani bila kuilowesha.

Sasa dukani kuna kigari cha tatu, cha matairi manene yaliyojaa upepo, muuzaji anaapa kwamba mchanga hakiuhisi kabisa, ila ni kipana kuliko geti langu, na fundi baiskeli anasema, "Tairi hilo mwiba mmoja tu, kwisha habari." Nikamuuliza, "Sasa nichukue kipi?" Naye akaniuliza, "Kwani zamani mlikuwa mnaibeba na nini?" Nikamwambia, "Na mtu." Akaendelea kujaza upepo.

Huyo mtu alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, karani wa posta. Najua mawifi wana sifa zao, lakini wangu alikuwa rafiki. Kayaki tuliinunua pamoja hoteli moja ya ziwani ilipofungwa ikauza vitu vyake, wala hakuna kati yetu aliyejua kuogelea, tukajifunga majaketi ya kuelea tukaingia, watu wakatucheka wakachoka. Miaka sita, kila Jumamosi, yeye mbele mimi nyuma. Mle ndani hamtazamani usoni, unaona kisogo cha mwenzako tu, kwa hiyo maneno yanatoka yenyewe. Siku moja katikati ya maji akaacha kupiga kasia, akasema bila kugeuka, "Wifi, kaka yangu ana mtu. Amezaa naye. Nimeshindwa kukuficha." Sikumjibu. Nilipiga kasia mpaka ufukweni, tukaibeba kayaki hadi nyumbani kama siku zote, akaniaga, nikaitikia.

Habari za talaka sitakuchosha nazo, ilitoka, huu ni mwezi wa nane, na mume wangu kusema kweli sijamlilia sana. Mama yangu aliniambia ukiachana na watu usibaki hata na sindano yao, nami nikamtii, baba wadogo wa mume wangu walipokuja kuchukua vitu vyake nikafungasha kila kilichokuwa cha kwao, suruali, redio, pasi, picha za ukutani, na kasia la wifi pamoja na jaketi lake, nikakaza kamba nikaandika juu yake "Vya kwenu". Wifi akanitumia ujumbe mmoja: "Mzigo nimeupata. Ahsante." Baada ya wiki mbili akanipigia, nikaitazama simu inaita mpaka ikakata, maana sikujua nitamwita nani, si wifi yangu tena, halafu nikajiambia damu ni nzito kuliko maji, lazima atakuwa upande wa kaka yake. Tangu hapo kimya.

Kwenye korido napita kiubavu kwa sababu ya hiyo kayaki, jirani anasema niiuze, na kila nikitaka kumwita mtu aje kuitazama nashindwa. Nataka tu kigari kitakachopita kila mahali ili nisimhitaji mtu. Nichukue matairi membamba au manene? Nijibu upesi, maana siku hizi Jumamosi ni ndefu kuliko wiki nzima.

Wako,
Mama Mashuka

*

Mama Mashuka,

Umeniomba nisikucheke, nami nilicheka, pale kwenye kuimba. Ulipofika mchangani kumsubiri mtu asiyekuwepo nikaacha. Pole sana, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na ulichouliza, kwa sababu mwenye kiu hapewi mawaidha. Kigari huchaguliwa kwa kipande kibaya kuliko vyote vya njia, sio kwa kile kinachokufurahisha. Lami haina makuu, itapitisha chochote. Mchanga ndio unaoamua. Chukua matairi manene. Barabarani yatakuwa mazito kidogo, utavumilia. Uliza kabla ya kulipa kama magurudumu yanachomoka. Yakichomoka, geti sio tatizo tena: ndani telezesha kayaki juu ya blanketi kuukuu, ukishatoka nje ya geti ndipo uyapachike. Ukikaribia maji punguza upepo, ukirudi barabarani ujaze, kwa hiyo beba pampu ya mkono na viraka. Fundi wako kasema kweli kuhusu mwiba, lakini pancha inazibwa. Kigari kifunge nyuma kidogo ya katikati, uzito uwe juu ya magurudumu na sio mikononi mwako. Na mikanda iwe miwili. Mmoja utakuaibisha kwenye mteremko.

Jambo jingine, tena hili silibembelezi. Kayaki ya watu wawili, mtu mmoja, tena asiyejua kuogelea? Peke yako usithubutu kuvuka maji ya kiunoni, uwe na jaketi au usiwe nalo. Unanisikia?

Haya, sasa hasira yangu. Umenijazia ukurasa mzima kwa magurudumu, na kasia ukalitaja kwa pumzi moja pamoja na pasi. Huyo mwanamke alitoa siri ya kaka yake wa tumbo moja kwa sababu hakuweza kuendelea kukaa mbele yako huku unadanganywa. Hukumpa hata neno moja la shukrani. Ukaja ukamrudishia kasia lake limefungwa na suruali za huyo huyo kaka, na maandishi juu. Wewe uliachwa na mume, Mama Mashuka, lakini wifi umemwacha wewe. Mama yako alikwambia usibaki na sindano ya watu, hakukwambia umtupe mtu pamoja na sindano.

Eti lazima atakuwa upande wa kaka yake. Nani kakwambia? Upande wake aliuchagua siku ile majini, akiwa hajui utamjibu nini, na amekaa nao mpaka leo bila jibu. Hata hivyo akameza uchungu akakupigia simu. Wewe ukaiangalia inaita. Halafu unataka kigari ili usimhitaji mtu! Hakijatengenezwa, dada, na siku kitakapotengenezwa usikinunue.

Na hilo la kutojua umwite nani lisikupotezee usingizi. Mwite wifi. Talaka ilikuwa ya watu wawili, yeye hakutia sahihi popote.

Kigari nunua kwanza, kabla hujamtafuta, nami nina sababu. Ukienda kwake huku kayaki imekwama, atadhani umemfuata kwa ajili ya mabega yake. Atakuja, maana naona ni mtu wa kuja, atabeba ncha yake, ataishusha, ataondoka. Nenda ukiwa huna shida ya kubebewa, ili ajue kwamba kilichokupeleka ni yeye.

Usimtumie ujumbe. Ujumbe ulishatumika, uliona ulivyokuwa mfupi. Omba ruhusa kazini asubuhi moja, uende posta, upange foleni kwenye dirisha lake kama mteja mwingine yeyote. Usijifanye umekuja kununua stempu, na habari za kayaki usizianze wewe. Ikifika zamu yako sema, "Wifi, nimekukosea," halafu funga mdomo. Huenda akakasirika. Huenda akakwambia uwapishe wengine, na utarudi nyumbani unalia, nami sitakudanganya kwamba haitauma. Lakini akianza kusema, simama hapo hapo umsikilize mpaka amalize, hata kama foleni nyuma yako itaanza kupiga kelele. Wao wana haraka ya barua zao. Yeye amekusubiri miezi minane.