Redio Edani

Jumatatu, 9 Mei 1960

Shaame mwanangu, huna akili. Mama yako yumo edani, babako hata miezi miwili hajatimiza kaburini, nawe unamletea redio — sanduku zima la wanaume! Kasema itaniondoshea ukiwa. Kapanda baiskeli, karudi Wete.

Wifi Mwanapili, dada wa marehemu, ndiye anayenilindia eda. Kasema akinena mwanamume tu, anafunga. Kakaa na mkono kwenye kifungo. Habari — kafunga. Bei ya karafuu — kafunga. Tumesikia nusu ya wimbo.

Jumanne, 10 Mei

Leo bibi mmoja redioni katangaza mchezo usio na maneno. Nikasema huyo ana homa. Mara makubadhi yanakokotwa. Komeo. Maji yanamiminwa. Mwanamume kakohoa. Mwanapili kapeleka mkono, nikaupiga. Kikohozi si neno. Kafikiri, kakubali.

Mna mke na mume mle, wamenuniana. Vyombo ndivyo vinavyogomba. Mwanapili kashikilia aliyebwaga sufuria ni mke. Nimemwambia ni mume, mke aijua bei yake. Tumebishana mpaka alasiri.

Jumatano, 11 Mei

Mume katoka, hakurudi. Nyayo za mtu mmoja. Maji ya mtu mmoja. Mwanapili kalia, kama nduguye ndiye huyo aliyetoka. Mie sijalia tangu mazishi, na watu washasema nina moyo wa jiwe. Leo nimekaa nangojea kikohozi tu. Wapi.

Mwisho wa mchezo Ijumaa. Lazima niusikie.

Ijumaa, 13 Mei

Wamekuja wanawake sita na mkeka wao. Eti kunijulia hali. Waongo. Moza wa jirani kapiga chafya, Mwanapili — huyu huyu! — kamwambia akapigie kwao.

Mchezo. Mke anatwanga. Mchi umesita. Nje makubadhi. Kikohozi, kile kile. Kisha mlangoni sauti ya mwanamume, neno la kwanza tangu Jumanne:

"Hodi."

Mwanapili kafunga.

Hakuna anayeinuka kwenda kwao. Mtu kasimama mlangoni mle sandukuni, hajaitikiwa. Mwanapili anasema tulipatana, lakini mkono hajauondoa kwenye kifungo. Nimeshika daftari nisije nikamchapa. Ukurasa umerowa. Na urowe wote.

Nimewaambia: "Mwanapili, fungulia. Mie nimo edani, simjibu. Moza, wewe mumeo yu hai — mwambie karibu, kabla hajachoka akaenda zake."