Bendi ya Nyuma ya Pazia

Jumapili, 2 Novemba

Ofisini mpaka saa nane, halafu mazoezi gerejini kwa Khalfan. Waya wa gitaa umenikatikia tena. Said anaimba, Khalfan ngoma, mie besi. Miaka ishirini na sita tunaitwa Vijana wa Ibra, na sote watatu tunatia hina ndevu. Roki kwa Kiswahili, Ibra hii hii, Oman. Nani kama sie? Hakuna.

Jumanne, 4 Novemba

Khalfan kanuna. Anasema siku hizi watu wanataka didjei. Harusi ya Ijumaa, mji wa Sur, ndiyo mtihani: kina mama wasipochangamka, anauza ngoma zake. Nimemwambia aache kudeka. Lakini bila yeye hapana bendi, na bila bendi mie karani tu wa baladiya, manispaa ya mji, basi.

Ijumaa, 7 Novemba. Sur.

Baada ya alasiri. Ukumbi wa wanawake, kwa hivyo sie nyuma ya pazia kama kawaida. Hatuwaoni, hawatuoni. Tunajua tumependwa kwa vigelegele tu.

Wimbo wa kwanza, vigelegele. Wa pili, vichache. Wa tatu, kimya. Wa nne, wa tano, kimya cha makaburini. Khalfan kaweka vijiti chini.

"Basi. Mie nimemaliza."

Kapakia ngoma kwenye pikapu, huyo, karudi Ibra. Sikumzuia. Nilikuwa na hasira, na haya pia.

Tunakunja waya, simu ikalia. Zuweina, mke wangu, aliyekuwa ndani na wenzake. Kumbe walikwenda kula! Wameitwa uani kwenye wali na nyama baada ya wimbo wa pili, hapana aliyekumbuka kutwambia. Nyimbo tatu tumevipigia viti. Sasa wamerudi, wanauliza mbona tumenyamaza.

Tukaanza wawili, bila ngoma. Mara upande wa pili mtu kagonga sinia. Mwengine akaitikia. Halafu ukumbi mzima, sinia na makofi. Wallahi sijapata kusikia kitu kitamu namna ile. Said akiimba huku analia. Nimempigia Khalfan simu. Hakupokea.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda kwake, nimemweleza yote. Kwanza kacheka mpaka kakohoa. Halafu kanuna upya: kwa hivyo tumeshapata wapiga ngoma wengine, yeye wa nini tena? Mtu mzima na mvi zake. Nimeondoka sijui kama yumo au hayumo. Imeniuma.

Jumapili, 9 Novemba

Mazoezi. Ngoma zimeshapangwa, kahawa tayari. Habari ya kuuza hakuitaja, nami sikuuliza. Kataka kujua tu mdundo wa zile sinia ulikwendaje. Nimemgongea mezani kama ninavyokumbuka. Kajaribu. Siyo. Kajaribu tena. Tumekaa hapo mpaka adhana ya magharibi, na bado hajaupata.