Keki Yangu Niliila Makoongwe

Baba Muna,

Nakusalimu kwanza. Watu wa makaburini nao wana haki ya salamu, na mimi sitakunyima haki yako kwa sababu nina hasira. Maana hasira ninayo, nakwambia mapema, usije ukadhani nimeshika kalamu ili nikulilie. Kulia nilishalia eda nzima, chumbani mwetu hapa Madungu, wanawake wakinibembeleza nitie kitu tumboni. Sasa eda imekwisha na nina mambo ya kukuuliza. Safari hii huwezi kukumbuka ghafla kwamba umechelewa msikitini.

Nyumba ipo. Feni ya sebuleni imeungua. Kiti chako anakilalia paka, yule yule uliyekuwa ukimfukuza, na mimi simwambii kitu. Muna alirudi Maskati baada ya arubaini yako. Hupiga simu kila Ijumaa, na huisikiliza sauti yangu kuliko maneno ninayosema. Chai bado naichemsha ya watu wawili, halafu yako naimwaga. Sijui nitaacha lini.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka sitini. Ndiyo hiyo habari yangu.

Unajua kwetu sisi siku ya kuzaliwa ilipita kama siku nyingine. Wewe ndiye uliyeyaleta mambo hayo nyumbani, tangu ulipotimiza sitini yako. Ndio mwaka uliostaafu, ukanunua kwa ubia mashua ya tanga na Bwana Seif, mwenzako wa kazini aliyehamia Chake na mkewe Bi Rukia kutoka Unguja. Marafiki zako wa tanga, ndivyo ulivyowaita, na ulipenda kulitamka hilo jina mbele za watu. Wakasema sitini haipiti hivi hivi, lazima ikasherehekewe baharini. Nilipika pilau, nikakaanga sambusa, mkate wa kumimina nikaufunga kwa kitambaa usipigwe na maji ya chumvi. Ukaondoka na makapu yangu. Ukarudi pua imeungua na jua, unacheka peke yako, ukaniambia mlitia nanga chini ya kisiwa cha Makoongwe, pale maji yanapotulia, karibu na mashua za wageni.

Nikakuuliza, "Watu wetu uliwaona?"

Ukasema, "Niliwaona kwa mbali."

Nikaridhika. Basi miaka yote iliyofuata ilikuwa hivyo. Bahari ikitulia mnashuka Mkoani, mnatweka tanga, mnakwenda kutia nanga mbele ya kijiji nilichozaliwa, mnakula chakula nilichopika mimi, na mimi nipo Madungu nasugua masufuria. Nikisema na mimi nichukueni nikawaone ndugu zangu, unasema mashua ndogo, ni mambo ya wanaume, hata Bi Rukia mwenyewe haendi. Na mama yangu alipomfuata baba kaburini ukaanza kuniuliza kule nakwenda kumtazama nani tena. Lakini uliniahidi. Mkono juu ya bega langu, uliniahidi kwamba sitini yangu ikifika, ni mimi nitakayekaa juu ya mashua, na chakula atapika mtu mwengine.

Hukungoja. Hilo nimekusamehe, mauti hayaombi ruhusa.

Muna na Bwana Seif wakapanga kwenye simu bila ya kuniuliza. Ahadi ya marehemu, wakasema, itimizwe. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mjane. Nikavaa baibui jipya, nikajifukiza udi, nikakaa mbele ya gari ya Bwana Seif hadi Mkoani nikiwa na moyo wa msichana. Keki ilikuwa mapajani mwangu, jina langu limeandikwa kwa sukari nyekundu.

Bi Rukia alitangulia kupanda. Akaenda moja kwa moja hadi nyuma, upande wa kivuli, akavuta mto chini ya ubao akaukalia. Mto wa kitambaa cha maua, Baba Muna. Aliushona mwenyewe, alinambia, baada ya safari za mwanzo kumuumiza mgongo. Maua yameshapauka kwa jua hata huyajui yalikuwa rangi gani. Nikautazama ule mto nikafahamu kwamba mtu hapausi mto kwa siku moja.

Nikasema moyoni, mume hukosea, pengine alinionea huruma.

Ndipo Bwana Seif akanivalisha jaketi okozi, lile la rangi ya machungwa, akanifunga kamba zake mwenyewe kwa adabu, na Bi Rukia akanishika mkono. Akasema, "Hongera, Bi Zuwena. Leo umeishinda hofu."

Hofu gani, nikauliza.

Akacheka kwa upole. Akasema marehemu aliwaeleza tangu zamani, kwamba mke wake akiona maji yanatikisika hujisikia kuzimia. Tena akaongeza, ili kunifariji, kwamba si aibu, kwa sababu sisi watu wa Pujini tumekulia kwenye mashamba na bahari hatukuizoea. "Alitwambia nyinyi ni watoto wa ndugu wawili," akasema. "Mmeoana ndani ya nyumba."

Baba Muna. Pujini ni kwenu wewe. Mikarafuu ilikuwa ya babu yako, na hata hiyo ilikwisha kabla hujajua kuipanda. Mimi baba yangu ni Faki, mvuvi wa Makoongwe, na ulimjua vizuri, kwa sababu ulikaa kwenye mkeka wake ukamwomba binti yake huku umeinamisha kichwa.

Na tulivyojuana umesahau? Ulikuja Makoongwe kijana wa serikali, viatu vimeng'aa, chombo cha abiria kikakuacha. Baba akanambia nikuvushe mimi kwa ngalawa hadi Mkoani. Nilishika usukani, ukakaa katikati umekumbatia mkoba wako, na tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa ukatapika juu ya miguu yangu. Nilikupa kopo ufue maji, uyatoe chomboni, upate shughuli, ukaifua bahari badala ya chombo. Nilicheka hata tanga likanitoka mkononi. Ulikihadithia kisa hicho kwenye harusi yetu, ukakihadithia Muna alipozaliwa. Halafu siku moja ukaacha kukihadithia, na mimi nikadhani umekichoka tu.

Kumbe ulikipindua. Ukachukua matapishi yako ukayaweka mdomoni mwangu. Na baba yangu ukamfuta, ukanipa baba mwengine mwenye mashamba, ili watu wa Unguja wasijue kwamba uliyemuoa ni mtoto wa mvuvi.

Ningeweza kusema pale pale. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilikumbuka jambo moja. Siku uliyokufa, waliokuosha ndani ya pazia walikuwa watatu, na aliyekushika kichwa alikuwa Makame, mtoto wa ami yangu Kombo, alivuka alfajiri aliposikia. Muosha maiti haelezi alichokiona. Makame alitoka nyuma ya pazia, akanawa, akasema ulikuwa na uso mzuri, basi. Nikaona kama mtoto wa ami yangu aliweza kukusitiri mwili, mimi mkeo siwezi kukusitiri neno?

Basi nikaogopa. Nikaogopa kwa ustadi. Mashua ilipolala upande nikashika ubao kwa mikono miwili nikafumba macho, na Bi Rukia akanisomea Ayatul Kursiyyu sikioni. Bwana Seif aliliacha tanga lipigepige hovyo, mkono wangu ukawasha kutaka kulikaza, nikauficha ndani ya baibui. Nilikuwa na miaka sitini, naigiza uoga juu ya maji niliyojifunza kuogelea kabla ya kujua alifu na be. Nilikuwa nikikuchukia, Baba Muna, kwa kila wimbi. Wallahi sikuwahi kukuchukia hivyo hata siku zile ulipomgombeza Muna akalala na njaa.

Tukatia nanga. Nyumba za kwetu zilionekana mpaka nguo zilizoanikwa. Kwa mbali, ulisema. Si mbali. Mtu akiita pwani jina lake linasikika. Wageni wa mashua ya jirani walitupungia mkono, Bwana Seif akawasha mshumaa, upepo ukauzima, akauwasha tena, ukauzima, tukaimba hivyo hivyo. Nikashika kisu cha keki.

Bi Rukia akaona mtumbwi unapita, mtu ana pweza, akamwita. Mtumbwi ukasogea. Alikuwa Makame.

Alinyanyua uso, akaniona. Najua aliniona kwa sababu kafi lilisimama. Halafu akainama. Akamgeukia Bi Rukia, akataja bei ya pweza kwa sauti ya mtu wa sokoni, na mimi akanipita kwa macho kama mzigo uliowekwa pale. Mtu tuliyenyonyeshwa naye ziwa moja mama yake alipougua.

Hapo nikafahamu yote. Hakuwa amenisahau. Alikuwa ananisitiri. Alishazoea adabu ya mashua ile: ukiijia, usimjue mtu. Na adabu hiyo ni wewe uliyemfundisha.

Sikuweza. Kukusitiri wewe ni kitu kimoja, na kumwacha ndugu yangu aondoke na kichwa kimeinama ni kitu kingine. Nikaweka kisu. Nikasema, "Makame, mbona hunisalimii?"

Akasema, "Yakhe Zuwena, n'lidhani na weye leo hunijui."

Na weye. Maneno mawili tu, na hakuyasema kwa ubaya. Baadaye pwani alinieleza kwa sababu nilimlazimisha: kwamba mwanzo walikuwa wakikupungia mkono, yeye na watoto, "Shemeji, Shemeji," na wewe ukitazama kwengine. Mpaka wakawaambia watoto waache. Na mtu huyo ndiye aliyevuka alfajiri kuja kukushika kichwa.

Juu ya mashua, Bwana Seif akaanza, "Lakini marehemu Nassor alitwambia…" Nikawaambia huyu ni mtoto wa ami yangu, baba yangu ni Mzee Faki, ile nyumba yenye mlango wa buluu ndiyo niliyozaliwa. Wakanitazama wakingoja nieleze. Nikasema, "Marehemu alikuwa mtu wa mzaha." Hicho ndicho kitambaa cha mwisho nilichokufunika nacho, na ni kifupi, miguu inaonekana.

Nikalifungua jaketi, nikalikunja, nikaliweka juu ya mto wa Bi Rukia. Bwana Seif akanyoosha mkono anishike, sikuuhitaji. Nikachukua keki yangu, nikakusanya baibui, nikashuka mtumbwini, na mtumbwi haukutikisika. Makame akacheka. Maji yalikuwa yameingia kidogo, nikachukua kopo nikayafua.

Keki niliikata uani kwa baba. Bi Mize, mama yake Makame, hana meno sasa. Alilamba ile sukari nyekundu ya jina langu akauliza mume wangu hajambo. Wakamkumbusha. Akasema, "Ah, yule kijana mtapikaji, Mungu amrehemu." Uani pote walicheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia, na hapo nililia kweli, maana yule kijana mtapikaji nilimpenda. Wewe ndiye uliyemuonea haya.

Kwa nini, Baba Muna? Nilikukosesha nini? Nakuuliza na najua sitajibiwa. Hiyo ndiyo dhuluma ya kufa, mwenye majibu huondoka nayo.

Bi Rukia alinipigia simu baada ya siku chache, anakwepakwepa, anataka kujua kama nimechukia. Nikamwambia sina neno naye, na sina. Hakudanganya yeye.

Sasa nisikilize, nikuache. Hitima yako ya mwaka inakaribia, na ndugu zako wa Pujini wamesema isomwe Madungu. Nimekataa. Nakuahidi, na ahadi zangu mimi hutimia, itasomwa Makoongwe, uani kwa Mzee Faki. Chombo nimeshakipanga. Bwana Seif na Bi Rukia nimewaalika, watavuka, watavua viatu, watakaa kwenye mkeka ule ule ulipoinamisha kichwa wewe. Makame atakaa mbele. Nitawaambia ni huyu aliyemuosha rafiki yenu, wala sitaongeza neno. Watakula pilau na pweza, na safari hii utakuwa na watu wetu kwa karibu, upende usipende.

Nitakuombea kwa sauti, kwa jina lako na la baba yako, kama ulivyozaliwa. Baba wa mtu mimi sibadilishi.

Kwa heri. Mungu akusamehe yeye kwanza. Mimi bado.

Zuwena binti Faki,
wa Makoongwe