Mabano Yasiyofutika

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku njema kupita kiasi! Shirika linalopanga madai ya ardhi ya wakulima wa Haneti linatafuta karani wa kompyuta. Mpwa wangu Brightness, aliyeko likizo kutoka Chuo Kikuu, anafanya mazoezi ya kazi humo. Mimi, mwandishi wa barua za watu kwa miaka kumi na tisa, nisiye na cheti zaidi ya kile cha darasa la saba, nimeomba nafasi hiyo kwa kurasa mbili. Zimepokelewa — kwa muhuri! Usaili ni Jumanne ijayo; hadi siku hiyo Brightness atanifundisha mashine humo ofisini.

Programu yao imeandikwa kwa lugha iitwayo Lisp. Kila kanuni ya kupanga madai imezungushiwa mabano, na ndani yake zimo kanuni nyingine zenye mabano yake. Likikosekana bano moja, mashine inagoma.

Jumanne, 6 Agosti

Nimebaini hitilafu. Kitufe cha kufutia kinafuta herufi. Bano — kinaliruka tu! Nimemwandikia Bwana Charles, mkuu wa ofisi, malalamiko rasmi ya aya tatu, pamoja na taarifa ya majaribio kumi na manne.

Brightness aliyasoma kabla hayajafika. Akacheka hadi akakaa chini.

“Mjomba, kitufe ni kizima! Programu ya kuhariri ndiyo inayokukatalia. Bano halifutwi bila mwenzake.”

Ati mwalimu wao wa chuo aliwapa programu hiyo kwenye disketi. Nikasema lugha ya malalamiko ilikuwa fasaha hata hivyo.

“Fasaha sana, mjomba. Ichane barua hiyo.”

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wako maonyeshoni Nzuguni. Sisi ofisini.

Nimeona kwa macho yangu! Kanuni ya wajane ilikuwa nje ya kanuni ya Haneti. Nikabonyeza vitufe viwili — bano la Haneti likasogea, likaimeza nzima! Nikabonyeza vingine, likaitema. Nikaimeza, nikaitema, mara kumi!

“Itavimbiwa hiyo, mjomba.”

Nilipoanza kuhesabu mabano kwa kidole, akanishika mkono: “Unahesabu mbuzi? Hamisha zizi zima!”

Miaka yote hii nimehamisha aya kwa mkasi na gundi.

Jumatatu, 12 Agosti

Suti imepigwa pasi. Mshindani ni mmoja, Iddy, mwenye cheti cha kompyuta cha Dar es Salaam. Tulipokutana ofisini akasema: “Shikamoo mzee. Umekuja kumwandikia nani barua?” Marahaba nilimpa, jibu nilimnyima.

Jumanne, 13 Agosti

Naandika nikiwa koridoni.

Iddy aliitwa kwanza. Akasema programu yetu ya kuhariri inamchelewesha, akafungua faili kwa ile ya kawaida, akafuta bano alilodhani limezidi, akahifadhi juu ya faili lenyewe. Mashine imegoma. Wakulima wanakuja saa nane kuchukua orodha ya madai yao. Nakala ya akiba? Iko Arusha! Brightness? Kikazi, Chemba!

Bwana Charles akaniita.

“Wewe, cheti?”

“Sina, mheshimiwa.”

“Basi kaa hapo,” akaonyesha kiti cha mbele ya mashine.

Nikafungua faili kwa programu yetu. Ikalionyesha, lakini ikakataa kulihariri! Mabano hayalingani, nayo haigusi kilichokwisha kubomoka. Njia nyingine sijafundishwa.

Lakini kusoma najua. Nikaanza juu, kwa sauti, kanuni moja moja, kama ninavyomsomea mteja ombi lake kabla hajaweka dole gumba. Palipoishia maana, hapo ndipo bano linapaswa kufunga. Iddy alicheka mpaka kanuni ya tano. Kwenye ya kumi na mbili akavuta kiti. Bwana Charles ameniuliza kama natumia sukari kwenye chai.

Nimeomba dakika tano za kupumzisha macho. Kanuni kumi na tisa ni safi. Ya ishirini inaanza na wajane wa Haneti, na mpaka nilipoiacha ilikuwa imefika kwenye malisho ya Chemba. Hakuna mwombaji aombaye hivyo! Ni saa saba na nusu.

Iddy yuko mlangoni.

“Mzee, njoo tusome.”