Kifurushi Kisicho na Dakika za Baba

Bi Tunu, assalam aleikum, na shikamoo. Nimezoea kusoma majibu unayowapa wengine nikijiambia mimi sitafika huko, leo nimefika, na nakuomba unishike mkono kabla siku hazijaniishia, kwa sababu jambo langu ukilisikia kwa mbali ni la kuchagua kifurushi cha simu na intaneti ya nyumbani tu, lakini ndani yake yumo baba yangu mzazi.

Naitwa Shamila, nina miaka thelathini na sita, naishi Ipuli hapa Tabora na Baba, Mzee Uwesu. Mimi ni fundi cherehani, na tangu mwaka juzi nafundisha ushonaji kwa video, wanafunzi wangu wako Urambo, Kahama, hata Mpanda, na hayo masomo ndiyo yanayotulisha. Baba alikuwa seremala, milango mingi ya mtaa huu ni kazi yake, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia kikamwacha na mkono uliolala na ulimi mzito, neno moja unaweza kulisubiri mpaka maji ya chai yakachemka.

Nyumbani tulikuwa na kifurushi cha pamoja, yaani intaneti na simu ya mezani, na humo humo dakika za kupiga mitandao yote, ukishalipa mwanzo wa mwezi huulizwi tena. Intaneti yake ilikuwa ya kusuasua, ila simu ilikuwa na vitufe vikubwa, na kimoja nilimwekea Baba namba ya rafiki yake, Mzee Jilala wa Ziba kule Igunga. Hawa wawili walijuana zamani Baba alipokwenda Ziba kutengeneza milango ya shule, akalala kwa Jilala kiangazi kizima, wakawa kama ndugu. Mzee Jilala ni mfugaji, ana kitochi, ile simu ndogo ya kupigia tu, wasapu haijui, na namba yetu pekee aliyokuwa nayo ni hiyo ya mezani. Kila siku baada ya swala ya alasiri Baba alibonyeza kile kitufe kwa mkono wa kushoto, akaweka sauti ya juu, na Mzee Jilala akaanza kumtajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na tabia, na Baba lazima arudie, akikosea anarudishwa mwanzo, wanacheka, saa nzima inakwisha.

Sasa Bi Tunu nakuungamia. Mwaka huu mwezi wa tatu kampuni ilileta kifurushi kipya, intaneti ya kasi mara nne, bei imeshuka kidogo kuliko tuliyokuwa tukilipa, lakini hakina simu. Kaka yangu Rashidi, yuko Dodoma na huwa tunachangia bili, aliniambia nichukue haraka, karne hii nani analipia simu ya mezani, na mimi nikakubali, nikamwambia ni kwa ajili ya video zangu, na kweli video zilikuwa zinakwama. Ila haikuwa kasi peke yake. Nilikuwa nimechoka na ile saa moja, Mzee Jilala anapiga kelele za ng'ombe mwekundu na ng'ombe madoa wakati mimi narekodi somo, nasimamisha, naanza upya, nasimamisha tena. Nilitaka ukimya, na Baba sikumuuliza.

Fundi alikuja akachomoa waya, simu nikaiacha mezani pale pale. Jioni hiyo Baba alibonyeza akasikia kimya, akaniangalia, nikamwambia mnara wa Ziba umeharibika, watatengeneza. Akaamini. Kila siku aliinua mkono wa simu, akasikiliza, akaurudisha taratibu, nami nikawa najitia kushughulika na uzi. Baada ya wiki tano nilimpeleka kwenye mazoezi yake hospitali, na muuguzi wake, Dada Advera, akanivuta pembeni akaniambia mzee amerudi nyuma, zamani alikuwa akimsimulia habari za ng'ombe, sasa hata jina lake mwenyewe analitafuta. Akaniuliza siku hizi anaongea na nani. Nikamjibu anaongea na mimi, na ulikuwa uongo wa pili, maana mimi nilikuwa namwambia kula, kunywa, geuka. Hata hapo sikurudisha simu, nilijiambia nitaishughulikia mwisho wa mwezi.

Alhamisi moja kabla ya adhuhuri nilikuwa narekodi somo la kola, nikasikia hodi. Mlangoni kasimama mzee mrefu, koti limejaa vumbi, fimbo mkono mmoja na mfuko wa mchele mkono mwingine. Sikumtambua, nilikuwa sijamwona tangu utoto. Alivua kofia, na badala ya kunisalimu akasema, "Mwanangu, nisamehe, nimechelewa. Mlimzika wapi?"

Mchele ule ulikuwa wa matanga. Alikuwa amepiga simu miezi miwili, kila siku anajibiwa na sauti ile ya mwanamke kwamba namba haitumiki, akangoja labda tutampigia, mwisho akawaambia wanawe kwamba Seremala hawezi kumnyamazia akiwa hai, akapanda basi. Ndani nikasikia kiti kikianguka, Baba ameisikia sauti akataka kuinuka mwenyewe, na akaita, "Ji... Jilala." Mzee wa watu aliketi chini barazani, kajifunika kofia usoni, nami nimesimama na futi ya kupimia shingoni sijui niinue yupi kwanza.

Walipotulia Mzee Jilala aliuliza simu ilikuwa na nini. Nikawahi kutaja mnara wa Ziba, akashangaa, akasema mnara wao haujazimika hata siku moja. Baba alinitazama. Nilijua ameelewa yote. Nikangoja aseme, na yeye akamgeukia rafiki yake akasema, kwa shida, "Simu... iliharibika." Akanisitiri, Bi Tunu. Kwa maneno mawili aliyoyatafuta kwa jasho.

Mzee Jilala alikaa siku mbili, wakawarudia ng'ombe wote, akaondoka akiamini kilichoharibika ni chombo tu. Alipokwisha kupanda basi nilipiga magoti mbele ya Baba nikaomba radhi. Akatoa neno moja, likatoka zima bila kukatika: "Ungeniuliza." Tangu hapo ananiitikia salamu na kula chakula changu, lakini hanitazami.

Nimekwenda ofisi ya kampuni, wanasema namba yetu ya zamani wameihifadhi, zimebaki siku ishirini wampe mteja mwingine. Kuirudisha ni lazima nirudi kwenye kifurushi cha pamoja, bei juu kuliko cha sasa na kasi ndogo, masomo yangu yatayumba. Kipo cha kati, kasi nusu, dakika mia tatu za mitandao yote, ghali zaidi, na Rashidi hataki kusikia. Yeye anasema tumnunulie Baba kitochi na bando, na Mzee Jilala tumpelekee simu janja waonane kwa video. Kitochi tulishajaribu, vitufe vidogo, na bando linakatika Baba akiwa katikati ya neno, anadhani kakatiwa yeye. Nichague kipi, na je, nimwambie Mzee Jilala ukweli au niache siri ambayo Baba ameifunika mwenyewe?

Shamila, Ipuli

*

Shamila, wa aleikum salaam, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Uliyoyafanya ni makosa, na sitakupunguzia. Kuchoka si kosa. Mtu anayeuguza na kutafuta riziki chini ya paa moja huchoka, na anayesema hachoki anakudanganya. Ungemwambia Baba, "Saa hii narekodi, ongeeni baada ya magharibi," yasingekupata haya. Wewe ulikwenda kumzima mtu ili upate utulivu, kisha ukamwacha aendelee kuinua simu mbele ya macho yako wiki baada ya wiki. Hilo ndilo linalokunyima amani, na ni haki likunyime kidogo.

Sasa simama, kuna kazi.

Kesho ofisi ikifunguliwa uwe mlangoni, na kitambulisho mkononi, ukaombe waendelee kukushikia namba ile. Kifurushi kitajadiliwa, bei itajadiliwa, namba ikishapewa mtu mwingine haijadiliwi. Wakuandikie karatasi, usirudi na ahadi ya mdomo.

Kuhusu kifurushi, usimalize kusaini kabla hujauliza maswali ambayo wauzaji hawapendi. Hizo dakika mia tatu ni za mwezi mzima? Wazee wako wanazungumza saa moja kila siku, kwa hiyo zitakwisha siku ya tano, na kuanzia ya sita mtalipa kila dakika. Cha kati kwa hiyo hakikufai hata kikirembwa kwa maneno, achana nacho. Kile cha zamani uliza kama dakika bado ni za mitandao yote kama mlivyozoea, au wamezibadilisha ziwe za mtandao wao tu. Uliza umeme ukikatika simu inaendelea au inakufa na kile kisanduku cha intaneti, kwa mgonjwa wa kiharusi hilo ni swali la uhai. Uliza umefungwa kwa miezi mingapi, na gharama ya fundi kurudisha waya ni ya nani.

Kasi ndogo utaishi nayo. Ulianza masomo nayo na wanafunzi wakaja. Punguza ukubwa wa video, zirekodi mapema, zipandishe alfajiri watu wakiwa hawajajaa mtandaoni, na anayetaka kukuona moja kwa moja mpangie siku mbili kwa wiki. Utapoteza wachache. Waage vizuri.

Rashidi mpigie, usimwandikie. Msimulie mzee aliyekuja na mchele wa matanga, kama ulivyonisimulia mimi. Nadhani hajui, maana naona umemweleza bei tu. Simu janja ya Ziba aiweke kando, mfugaji hakuomba. Akikataa kuongeza mchango baada ya kusikia, basi lipa wewe, kwa sababu saini iliyozima simu ilikuwa yako.

Lakini kabla ya saini nyingine, kaa na Baba. Msomee vifurushi vyote, bei zake na hasara zake kwako, usimfiche hata hizo video zinazokwama. Msubiri ajibu, hata kama maji yatachemka mpaka yakauke. Ulimi wake ndio ulioumia, akili inakwenda, na mwenye akili aliweza kukusitiri ndani ya sekunde moja. Usimwombe akutazame. Atakutazama akiwa tayari.

Na Mzee Jilala aambiwe. Baba alifunika aibu yako kwa mapenzi, lakini rafiki yake alifunga safari kuja kwenye kaburi, na mtu wa namna hiyo anastahili kujua ni kwa nini. Mwombe Baba ruhusa kwanza. Akikubali, panda basi uende Ziba mwenyewe, na usiende mikono mitupu. Mwambie ulichofanya bila kumtaja Rashidi wala video. Akikasirika, kaa umsikilize mpaka amalize, usilie kabla yake. Kisha mwachie namba yako ya mkononi, uchukue ya mmoja wa wanawe, na uiandike ukutani juu ya simu ya Baba, ili siku mmoja wa wazee hawa atakaponyamaza kweli, mwenzake aambiwe na mtu, asiambiwe na mashine.