Nimechaguliwa Kusoma Falsafa, Mama Anajua Nakwenda Upadri

Mshauri wetu wa kila Jumatano, nakuandikia nikiwa na hofu, na nakusihi unijibu mapema, maana Jumapili hii inayokuja nitapigishwa magoti mbele ya altare.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa mahakama moja ya mwanzo upande huu wa Makambako, kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, na nilikuwa nimeridhika nayo mpaka ilipokuja kesi ya wazee wawili waliogombea mpaka wa shamba, mmoja akaapa kwa Biblia kwamba mpaka ni mianzi aliyoipanda baba yake, mwingine akaapa kwa Biblia hiyo hiyo kwamba mianzi ile ilikwisha kufa zamani, na iliyopo ni machipukizi yaliyotambaa hatua kumi na mbili hadi kwake, nami nikaona wote wawili wanasema kweli, nikajisahau nikauliza kwa sauti, "Sasa hii ni mianzi ile ile au ni mingine?" Hakimu akanitazama juu ya miwani akasema, "Karani, wewe andika."

Niliandika, lakini swali halikuniacha, nikaanza kutafuta kama kuna watu waliowahi kujiuliza mambo ya namna hiyo, nikakuta ni somo zima, nikaomba nafasi chuo kikuu cha serikali, na nimechaguliwa.

Kosa langu ni simu niliyompigia mama, ambaye yuko Mlangali, nikamwambia, "Mama, nimepata chuo, nakwenda kusoma falsafa." Sasa kwetu neno hilo linajulikana kwa njia moja tu, kwamba vijana wote wa parokia yetu walioingia seminari kuu walianza na falsafa, kisha teolojia, kisha upadrisho, kwa hiyo mama akasema, "Kumbe mwanangu ulikuwa unanificha," akaanza kulia kwa furaha, nami nikajibu tu, "Ee, mama."

Tangu siku hiyo Mzee Joackim, mwenyekiti wa jumuiya yetu huko Mlangali, ametangaza kwamba Jumapili nitaagwa kanisani, jirani yetu Bibi Conjesta amenifumia sweta jeusi, na habari zimefika hadi duka la dawa hapa Makambako anapofanya kazi Jackline, mchumba wangu, ambaye aliponiona alinisalimu kama wanavyosalimiwa waseminari, "Shikamoo, Frateri. Na mimi nitafutiwe nyumba ya watawa, au nibaki mlei?" Nilipomweleza yote akasema, "Mimi nimekuelewa. Nenda kamweleze mama."

Siwezi. Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ni Ijumaa, nimeufungua ukurasa wa chuo mtandaoni mara tatu nikaufunga, na nafikiri niache chuo, nibaki karani, mambo yajifie yenyewe. Tena najiuliza, mama hakuniuliza kama nakuwa padri, na mimi sikumwambia hivyo, je, nimesema uongo?

Karani mwenye hofu, Makambako

MSHAURI ANAJIBU

Karani, jina lako umelificha vizuri, la Jackline umeliandika wazi. Hapo tu nimekujua.

Swali lako la uongo ni zuri, na chuoni utapata watu wa kubishana nao wiki nzima. Jikoni kwa mama yako jibu ni fupi. Alielewa sivyo, ukamsikia, ukaitikia. Shahidi angefanya hivyo mbele yako ungemwandikaje?

Pole, najua kwa nini uliitikia. Kumkatiza mama anayelia kwa furaha ni kazi. Lakini ukiacha chuo hutakwepa kitu. Bado utatakiwa kueleza kwa nini hukwenda seminari, na siku hiyo utakuwa huna hata hiyo falsafa. Jackline naye sikuhakikishii kama atakuwepo.

Thibitisha nafasi leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Jumamosi panda basi la asubuhi. Usipige simu, simu ndiyo iliyokuponza. Mkute mama anachambua maharage, kaa chini uchambue naye, kisha mwambie: "Mama, sikuitwa upadri. Nilikosea kuitikia. Nakwenda kusomea maswali." Huenda akalia tena, na safari hii si kwa furaha. Usiondoke. Akikuuliza ni maswali gani, msimulie ya mianzi, na akianza kujibu usimkatize, yeye amelima miaka mingi kuliko umri wako.

Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Joackim siku hiyo hiyo, ili Jumapili asisimame kutangaza kitu kisichokuwepo. Sweta lirudishe kwa Bibi Conjesta kwa mkono wako mwenyewe. Akisema livae tu, livae. Kanisani kaa benchi moja na mama yako, na kama padri atapenda kukubariki kama mwanafunzi anayesafiri, piga magoti bila wasiwasi.

Hukunieleza hakimu aliamuaje ile kesi. Hilo linaweza kusubiri. Niandikie kwanza mama amesemaje: ni mianzi ile ile, au ni mingine?